Kupika Ngoma Kamina

Ukipita nje ya chumba kile jioni unaweza kuapa kwamba ndani kuna mtu anatwanga sombe. Mlio ni ule ule: tak, tak-tak, tak, mkavu, usio na mwangwi, kama mchi unaoshuka kwenye kinu kilichojaa majani mabichi. Mama mmoja jirani alisimama dirishani siku moja akauliza, kwa heshima zake zote, kama wanaume wa nyumba hii wamejifunza kutwanga. Fundi alivua kaski, vile vipokea sauti vya masikioni, akamvalisha yeye, akarudia mapigo yale yale juu ya visahani vyake vya mpira. Mama alicheka. Halafu mabega yake yakaanza kuitikia bila kumwomba ruhusa.

Kiswahili chetu cha Katanga kina tabia ya kupunguza uzito wa herufi, na kwa midomo mingi ya huku kupiga hutoka kama kupika. Mtu anapika ngoma kama vile mwingine anavyopika bukari, yaani ugali. Watu wa pwani wakitusikia hutucheka, na zamani nilikuwa najirekebisha mbele yao. Siku hizi sijirekebishi. Nimekaa jioni nyingi katika chumba hiki nikijifunza kurekodi batri ya umeme kwenye kompyuta, nami naona kwamba neno letu linaieleza kazi hii vizuri kuliko lao. Batri nayo, kwa wasiotoka huku, ni seti ya ngoma za kuketi, neno tulilochukua kwa Kifaransa. Na kwa Kifaransa hicho hicho ni betri ya gari. Hapa zote mbili zinahitajika, maana ya pili ndiyo inayoiwasha ya kwanza umeme ukikatika.

Fundi ni kijana anayepigia korali batri kila Jumapili. Nimemzidi miaka kumi na mbili, hivyo ananiita papa. Mimi namwita Fundi kama wanavyomwita wote, na neno hilo linamkaa. Mimi ni mwimbaji wa besi. Kabla ya mwaka huu mikono yangu haikuwahi kushika vijiti. Nilikwenda kwake nikidhani nitafundishwa programu. Jioni ya kwanza kompyuta haikuwashwa kabisa.

Jioni ile nilimtazama akiitayarisha batri yenyewe. Chini ya kila kisahani mna kidude cha duara, chembamba kama sarafu, kinachofanya kazi kwa tabia ambayo ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waliionyesha mwaka 1880: fuwele za aina fulani zikibanwa hutoa umeme kidogo. Pigo la kijiti linabana, umeme unatoka, kisanduku kilichounganishwa na visahani kinaupima. Ni hivyo tu. Lakini visahani vyote vimefungwa kwenye fremu moja ya chuma, na chuma hakitunzi siri. Ukipiga kimoja, jirani yake anatetemeka na kisanduku kinadhani amepigwa yeye pia. Fundi alipiga kisahani cha kwanza mara ishirini, akitazama kama kuna kingine kinachojibu. Kikijibu, alipunguza usikivu wake hatua moja, akarudia mara ishirini nyingine. Usikivu ukizidi, lori likipita barabarani ngoma ya mguu inajipiga yenyewe. Ukipungua mno, unapoteza yale mapigo madogo ya mkono wa kushoto ambayo msikilizaji hayajui ila huyakosa yasipokuwepo. Kati ya mipaka hiyo miwili kuna nafasi nyembamba, na kila kisahani kina yake. Chini ya miguu ya fremu alikwisha kuweka vipande vya tairi kuukuu, vilivyokatwa kwa kisu na kulinganishwa urefu, ili sakafu nayo inyamaze. Saa mbili zilipita hivyo. Hakuna hata pigo moja lililorekodiwa, na sikuona dalili yoyote kwamba alihisi amepoteza muda.

Jioni ya pili alinionyesha waya unaotoka kwenye kisanduku kwenda kwenye kompyuta. Nikamuuliza swali la mgeni: sauti ndiyo inapita humu?

“Hapana, papa. Humu munapita habari tu. Sauti haiko.”

Lugha inayopita ndani ya waya ule inaitwa MIDI. Ilizaliwa mwaka 1983, baada ya watengenezaji wa vinanda vya umeme waliokuwa wakishindana kukubaliana kwamba mashine zao zisikilizane. Majina mawili yanayotajwa kwanza ni la Mmarekani Dave Smith na la Mjapani Ikutaro Kakehashi. Pigo moja ni ujumbe wa baiti tatu: amri, namba ya ngoma, na nguvu ya mkono. Ngoma ya mguu ni namba 36. Ile inayochakarika, ya katikati ya mapaja, ni 38. Matoazi pacha ya mguu wa kushoto yakifungwa ni 42, yakiachwa wazi ni 46. Nguvu inahesabiwa kutoka 1 hadi 127. Kwa waya wa zamani, ule wa pini tano, ujumbe huo mzima husafiri kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Mtu aliyekulia Buluba hahitaji somo refu hapo. Kyondo, lile gogo lililotobolewa mwanya mrefu juu, ndivyo lilivyofanya kazi tangu babu zetu. Midomo yake miwili hutoa sauti ya juu na ya chini, na kwa kuwa Kiluba ni lugha ambayo maneno yake hupanda na kushuka, mpigaji aliweza kutuma kupanda na kushuka kwenyewe bila maneno. Aliyesikia ng'ambo ya bonde ndiye aliyejaza maneno kichwani mwake. Kyondo halikubeba sauti ya mtu. Lilibeba habari. Kompyuta ya Fundi iko ng'ambo ile ya bonde: inapokea “38, nguvu 90”, nayo inachagua kwa sauti gani iisome. Leo isome kama ngoma ya bendi ya shaba, kesho kama kopo la maziwa. Pigo ni lile lile.

Kwa anayeanza, faida yake ni kubwa na haina ujanja wowote. Ukirekodi habari badala ya sauti, pigo moja lililokosewa unaweza kulisogeza au kulifuta bila kuharibu majirani zake, na sauti usiyoipenda unaibadilisha wiki ijayo. Hata hivyo Fundi hurekodi vyote viwili kwa pamoja, habari kwenye treki moja na sauti ya kisanduku kwenye treki nyingine. Nilimwona akifanya hivyo kila mara, bila kusahau hata siku moja, kama mama anayeacha unga kidogo mfukoni baada ya kusonga bukari.

Kisha likaja jambo la kuchelewa. Kompyuta haimezi sauti tone kwa tone. Huikusanya kwenye kapu dogo linaloitwa bafa, kapu likijaa ndipo inalimimina. Kapu kubwa huipa mashine nafasi ya kupumua, lakini sauti inakufikia masikioni ikiwa imechelewa. Fundi hakunieleza kwa namba. Aliweka bafa kubwa bila kuniambia, akasema pika. Nikapiga. Ndani ya mizunguko mitatu mikono yangu ilikuwa inaburuta miguu, kama mtu anayezungumza na mwangwi wake. Akapunguza, akasema tena pika. Mikono ikarudi nyumbani.

Hesabu niliifanya mwenyewe baadaye. Sampuli 1024, kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, ni kuchelewa kwa milisekunde 21 na kidogo. Sauti hewani hukimbia kama mita 343 kwa sekunde. Kwa muda huo inakwenda zaidi ya mita saba. Nilikuwa napiga ngoma iliyowekwa ng'ambo ya ua. Sampuli 128 ni chini ya milisekunde 3, yaani chini ya mita moja, umbali wa kawaida kati ya sikio la mpigaji na ngozi ya ngoma yake. Njiani huongezeka ucheleweshaji mwingine mdogomdogo, lakini kipimo cha mita ndicho kilichoniingia. Kompyuta yake ni ya zamani na ukiibana kwa sampuli 64 inaanza kukwaruza. Hapo huifungia intaneti, huzima kila programu isiyo ya kazi, na ikikataa bado hutumia njia ya wazee: anafunga sauti ya kompyuta kabisa, anachomeka kaski moja kwa moja kwenye kisanduku cha batri, na kuchelewa kunakwisha. Kompyuta inaandika kimya kimya. Sauti nzuri itakuja baadaye.

Siwezi kukaa Kamina na kuandika habari za kurekodi ngoma bila kurudi mwaka 1958. Mji huu wa njia panda ya reli, ambapo njia ya Lubumbashi kwenda Ilebo inaachana na ile ya Kabalo, ndimo ilimotoka Missa Luba. Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alipewa shule ya hapa Septemba 1953, akaunda kundi lililoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin: wavulana kama 45 wa miaka 9 hadi 14, na walimu 15. Misa ya Kilatini iliimbwa kwa mitindo ya Katanga na Kasai, ikakua kwa kubuniwa palepale mazoezini, na ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza kwenye misioni ya Mtakatifu Bavo, hapa Kamina, tarehe 23 Machi 1958. Kundi lilizunguka Ulaya, Philips wakatoa sahani, na miaka kumi baadaye Sanctus yao ikasikika katika filamu ya Kiingereza, If...., ya Lindsay Anderson. Kwaya ya Muungano ya Nairobi, chini ya Boniface Mganga, iliirekodi upya. Sauti ya mwalimu Joachim Ngoi inayoongoza mle ndani bado inanisimamisha nywele.

Nimeisikiliza sahani hiyo tangu utoto. Ila ni mwaka huu tu, baada ya visahani na bafa, nilipoisikiliza kwa kutafuta ngoma ziko wapi. Ziko nyuma ya watoto, lakini si mbali. Mtu fulani alizisogeza, akasikiliza, akazisogeza tena, hadi watoto wakawa juu ya ngoma kama mtumbwi juu ya maji. Hakuna aliyeweza kulishika pigo moja baadaye na kulirekebisha. Hugh Tracey, aliyepita kusini mwa Kongo mwaka 1952 na 1957 akiwarekodi Wakanyoka na Waluba, alikuwa akishika maikrofoni mkononi na kuisogeza mwenyewe kati ya wapigaji wakati wimbo unaendelea, kuchagua kwa mwili wake nini kisikike. Mikono ya Fundi kwenye vitufe vya usikivu inafanya uchaguzi ule ule, ila mapema zaidi, kabla ya wimbo kuanza.

Programu anayotumia, kama vijana wengi wa bara hili, ni FL Studio. Inatengenezwa Ubelgiji, Sint-Martens-Latem, kijiji kilicho karibu na Gent, na msimamizi wa Gent ni huyo huyo Mtakatifu Bavo wa misioni yetu. Nilipomwambia Fundi alitafakari kidogo akasema basi deni limelipwa. Sina hakika kama limelipwa.

Programu hiyo ilianza mwaka 1997 ikiwa safu ya visanduku 16 vya kubofya, na safu hiyo bado ndiyo inayomkaribisha anayeanza. Kumi na sita ni nne mara nne. Midundo mingi ya kucheza ya huku inatembea kwa kumi na mbili, ambayo ni nne mara tatu na pia tatu mara nne. Mpigaji anakaa katikati ya hesabu hizo mbili na haambii yeyote yuko upande gani. Anayeanza hufungua programu, anakuta visanduku 16, na bila kujua anaanza kuukata mguu wa wimbo ili uenee kiatu. Fundi hubadilisha gridi kwanza kabisa. Halafu anaondoa ule mlio wa metronomu, tik tik tik, ambao anasema unamfanya mtu apige kama karani. Badala yake anaweka chupa: alirekodi chupa tupu ya soda ikigongwa kwa msumari, akaipanga kwa mdundo wa kumi na mbili. Wazee watakumbuka. Katika gitaa la Katanga la enzi za Mwenda Jean Bosco na Edouard Masengo, chupa ndiyo iliyokuwa saa.

Sasa nifike kwenye kitufe. Kila programu ya muziki ina kitufe cha kunyoosha: unakibonyeza na kila pigo linarukia kwenye mstari wa gridi ulio karibu. Kwa mwanafunzi ni kama muujiza. Ulipiga ovyo, sasa umenyooka. Nilikibonyeza mara moja mbele ya Fundi, naye hakusema kitu, alinisikilizisha tu kabla na baada. Baada ilikuwa sahihi kabisa, na ilikuwa imekufa. Nilikumbuka pale katika Nasadiki ya Missa Luba, kabla ya maneno ya kusulubiwa, ngoma inapopiga mlio wa kutangazia msiba. Ulazimishe ule uingie kwenye mistari uone kama kuna mtu atavua kofia.

Lakini isidhaniwe kwamba Fundi hagusi kitu. Huyo angekuwa mvivu anayejificha nyuma ya asili. Fundi hukaa mbele ya picha ya mapigo, vijiti vidogo vya rangi kwenye mistari, na kuvisoma kama mtu anayechambua mchele. Mbinu yake nilichelewa kuielewa, nami naiheshimu kuliko kitu kingine chochote nilichokiona mle chumbani. Pigo likichelewa kwa kiasi kile kile kila linaporudi, analiacha: huo ndio mwendo wa mpigaji. Likichelewa hapa, likiwahi pale, bila mpango, hilo ni kosa, nalo hulisogeza kwa mkono, moja moja, nusu ya njia tu. Ngoma ya mguu huinyoosha kidogo kwa sababu gitaa la besi linaiegemea. Mkono wa kushoto hauguswi. Wimbo wa dakika nne una mapigo mengi kuliko mtu anavyodhani, naye huyapitia yote.

Tunagombana pia. Anapenda mwangwi mno. Ukimwachia, korali nzima inasikika kama imetumbukia kisimani. Hapo sikubaliani naye na sitakubaliana.

Sauti aliyoitaka kuliko zote haikuwemo katika programu. Ditumba, ngoma yetu yenye umbo la kinu, ina tundu ubavuni, na juu ya tundu hilo hubandikwa utando mwembamba wa buibui. Ngozi ikipigwa, utando unavuma, na pigo linatoka na mvumo kama wa nyuki nyuma yake. Mafundi wa sauti wa kizungu wangeuita uchafu. Kwetu bila mvumo huo ngoma bado haijaamka. Fundi alikwenda kwa mzee mmoja kuirekodi kwa simu, nami nikamfuata. Mzee aliishika ngoma, akaigonga kwa kidole, akakataa: utando ulikuwa umepasuka. Tulisubiri hadi alipopata mwingine, na haikuwa siku ile. Tuliporudi, Fundi alimwomba pigo moja moja, kwa nguvu nne tofauti, kila nguvu mara tano, kwa kuwa mashine ikirudia sauti moja tu iliyorekodiwa mara moja inalia kama cherehani. Lazima ipokezane. Mzee alipiga mara ishirini kwa uvumilivu, halafu akauliza:

“Mwanangu, mbona unanipimia ngoma kwa kikombe kama mahindi?”

“Nakwenda kuipika nyumbani, mzee.”

Sasa ukigusa kwa upole kisahani namba 38, ditumba inanong'ona. Ukiongeza nguvu, buibui anaamka. Kati ya 70 na 80 kuna mpaka ambapo mvumo unaingia, na Fundi alitumia jioni nzima kuusogeza mpaka huo juu na chini ili usisikike kama mlango unaofunguliwa ghafla.

Juzi ilifika zamu yangu kurekodi kipande kizima, mizunguko thelathini na miwili nyuma ya korali. Umeme haukuwapo tangu mchana. Tulikuwa tunatumia ile batri nyingine, na taa yake ilikwisha kuwa ya rangi ya chungwa. Mara ya kwanza niliharibu. Mara ya pili niliharibu mapema zaidi. Mara ya tatu nilifika mwisho, nikavua kaski, jasho limeloweka kola. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa mzito, niliusikia mwenyewe, nikamwambia Fundi aunyooshe tu tumalize kabla giza halijatukuta.

Alifungua picha. Akavuta karibu, akatazama mzunguko wa kwanza, wa tisa, wa ishirini na sita. Akapima kwa kidole kwenye kioo umbali wa kila pigo la kushoto kutoka kwenye mstari wake, kidole kile kile, mahali baada ya mahali. Akaondoa mkono kwenye kipanya.

“Hii haiko kosa, papa.”

Akaandika tarehe kwenye jina la faili, akaihifadhi mara mbili, na kuanza kuchomoa nyaya, ya kaski kwanza.